Nilikwenda Innsbruck na raba

Shangazi alinitazama miguu kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa moja na nusu asubuhi, giza bado limekaa juu ya kituo cha mabasi ya masafa cha München, pale karibu na daraja la Hackerbrücke. Yeye alikuwa amevaa buti zinazofika katikati ya muundi, koti refu lililojazwa manyoya ya bata, na kofia ya sufu juu ya mtandio. Mkononi alishika kikapu kilichofunikwa kitambaa kama mtu anayekwenda arusini.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Na hizo ndizo za safari?"

"Ndizo, Shangazi. Mimi mtoto wa Marangu. Baridi nimezaliwa nayo."

Hakunijibu. Aligeuka akapanda basi.

Si shangazi yangu wa damu. Ni mama wa Pangani aliyeishi Ujerumani zaidi ya miaka ishirini, na sisi vijana wa Kitanzania tunaofika München kwa masomo au kazi hatumwiti jina lingine. Mimi nilikuwa na miezi minne tu, nasomea uuguzi. Safari ilikuwa wazo langu. Kuna siku za upepo wa Föhn, ule wa joto unaoshuka kutoka milimani, anga la München husafishika na ghafla unaona Alpi zimejipanga kusini kama meno ya msumeno. Siku ya kwanza nilipoziona nilisimama katikati ya daraja, nikasahau nilikokuwa nakwenda. Mtu aliyeamka kila asubuhi akitafuta kwanza kama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imefunuka au imejifunika, ukimpeleka mahali pa tambarare anakuwa kama aliyepotezewa ukuta wa kuegemea. Basi la kwenda Innsbruck lilikuwa rahisi kuliko treni, linachukua saa mbili na kitu, na unarudi siku hiyo hiyo. Nikaona hakuna cha kufikiria zaidi.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, kwa sababu cha kufikiria kilikuwepo, na nilikwishaambiwa nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mgumu. Kwa asiyefahamu, wagumu ndio wapagazi wa Kilimanjaro, wale wanaobeba mahema, masufuria na mabegi ya wageni, mzigo wa kilo 20 kichwani au mgongoni, huku mgeni akitembea na chupa yake ya maji. Nilipopata nafasi ya kuja Ujerumani aliniita akanikalisha kihambani, chini ya migomba, akanipa somo. Pamba si nguo ya baridi, ikishika jasho inakugeuka. Nguo tatu nyembamba zinashinda koti moja zito. Miguu ndiyo ya kwanza kulindwa, na soksi ya akiba isikose mfukoni. Macho yafunike, maana theluji inachoma macho kuliko jua lenyewe. Vitu vya betri vilaze karibu na mwili. Na hatua iwe fupi.

Nilimsikiliza kwa adabu na nikasahau yote. Nitasema ukweli ulivyo: niliona ni maneno ya mpagazi. Mimi nilikuwa nakwenda Ulaya, kwenye nyumba zenye joto la bomba. Nikaenda zangu soko la Memorial, Moshi, nikachambua mitumba hadi nikapata koti la bluu la kupendeza lenye lebo ya Kijerumani ndani ya kola. Koti limetoka kwao kwa meli, nikalirudisha kwao kwa ndege. Ndani yake siku ile nilivaa fulana ya pamba na sweta jepesi. Miguuni raba nyeupe.

Basi liling'oka saa mbili kamili. Sekunde ya saa mbili, si "saa mbili hivi". Kijana mmoja alifika akikimbia huku mlango unafungwa, akagonga kioo, dereva akaonyesha saa kwa kidole na kuondoka. Waliokaa nyuma yangu hawakuinua hata kichwa. Kwetu konda angeshuka ampokee na begi.

Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza, na hapo nikaanza kusumbuka na saa zetu. Kiswahili kinahesabu saa kwa jua: saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, saa kumi na mbili jioni ni mwanga unaaga. Karibu na ikweta hesabu hiyo haidanganyi mwaka mzima. Ila nyuzi 47 kaskazini, mwezi wa Januari, saa moja ni usiku wa manane kabisa kwa macho, na jua linatoka saa mbili na kuzama kabla ya saa kumi na moja. Nilimwambia Shangazi kwamba huku lugha yetu imekosa kazi. Akasema, "Lugha haina neno. Mwili ndio utakaokudanganya." Nililichukulia kama usemi wa mtu mzima, nikacheka.

Njia inakwenda kusini-mashariki kwanza, mashamba meupe kila upande, kisha inakata kuingia bonde la mto Inn. Kutoka hapo milima haiji polepole kama Kilimanjaro unapotoka Himo, ambapo unapanda na kupanda bila kujua umeanza lini. Huku milima inasimama pande zote mbili kwa mara moja, kama kuta za uchochoro. Mpakani hakuna geti la kwenda; ukiona ngome ya Kufstein juu ya jabali lake kando ya mto ndiyo unajua umeshaingia Austria. Nilikuwa nimebandika paji la uso kwenye kioo. Shangazi alikuwa amelala, kikapu mapajani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mji ulio juu. Neno "mji wa mlimani" nilipolisikia nilifikiria kupanda, masikio kuziba, labda kichwa kuuma. Innsbruck iko mita 574 tu juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini, pale tunapolalamikia joto, iko juu zaidi. Mji umelala chini, sakafuni mwa bonde, na jina lenyewe maana yake ni daraja la mto Inn. Milima ndiyo iliyouzunguka: kaskazini Nordkette imesimama zaidi ya mita 2,300, karibu kiasi kwamba ukiwa barabara ya Maria-Theresien-Straße unaona kama imejengwa mwisho wa mtaa na manispaa. Kwetu Marangu tunaishi kwenye mwili wa mlima, na mlima wenyewe hatuuoni vizuri; ni mteremko, migomba na mifereji. Ukitaka kuuona Kilimanjaro vizuri nenda mbali. Hawa wameuweka dirishani.

Tuliposhuka, baridi ilinipiga kwanza puani. Nywele za puani ziliganda. Sikuwa najua kwamba hilo ni jambo linalotokea. Kisha vidole vya miguu. Raba ina matundu madogo ya kupitisha hewa, ndiyo sifa iliyoandikwa kwenye boksi lake, na hewa ilipita kweli.

Theluji yenyewe haikuwa adui. Theluji ni laini, inalia kwa sauti chini ya kiatu, inakushika. Adui ni barafu iliyo chini yake, au ile inayoyeyuka mchana na kuganda tena kivulini, haionekani, unadhani ni lami iliyolowa. Manispaa inamwaga kokoto ndogondogo njiani ili watu wasiteleze. Wenyeji wanajua kufuata kokoto. Mimi nilikuwa natazama juu. Kwenye baadhi ya nyumba kulikuwa na mti mrefu umeegemezwa ukutani kwa mshazari, nikapita chini yake kama si kitu, Shangazi akanivuta mkono: mti ule ni onyo kwamba theluji ya paa inaweza kuporomoka. Dakika tano toka tushuke, nimeshaokolewa mara moja.

"Tembea kama bata," alisema. "Hatua fupi, miguu bapa, mikono nje ya mifuko."

Hatua iwe fupi. Niliyasikia wapi maneno hayo.

Mjini hatukukaa sana. Tuliiona Goldenes Dachl, paa la dhahabu, ambalo ndilo picha ya mji kwenye kila kikombe na kila sumaku ya friji. Liliwekwa kwa ajili ya mfalme Maximilian wa Kwanza, likakamilika mwaka 1500, vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Nilikuwa nimelifikiria kama paa la kanisa kuu. Ni paa la baraza, la roshani moja. Shangazi alilitazama, akanitazama mimi, akasema, "Ndiyo hilo?" Tukaondoka. Huenda tulilionea. Miguu yangu ilikuwa haina subira ya historia.

Nilichokisahau kabisa ni paa. Ninachokikumbuka ni basi la mjini. Alipanda bibi mmoja, umri wa bibi yangu kabisa, mgongo umepinda kidogo, amevaa viatu vya skii, ule mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao, vinavyogonga sakafu ko-ko-ko, mbao zake amezishika kama mtu aliyeshika mwavuli. Akaketi. Vijana wakampisha kidogo, mazungumzo yakaendelea. Anakwenda mlimani kama mwingine anavyokwenda sokoni. Mimi nimezaliwa Marangu, nina miaka 24, na juu ya lango la hifadhi sijawahi kupita. Kwetu mlima ni wa watalii na wa wanaowabebea watalii. Wengine tunautazama, tunauimba, tunaweka picha yake kwenye kalenda.

Mji huu umeandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, 1964 na 1976. Ile ya pili haikuwa yao. Ilipewa Denver, Marekani, wananchi wa kule wakaikataa kwa kura mwaka 1972, Innsbruck ikaichukua. Na ile ya kwanza theluji iligoma kuanguka, ikabidi askari wa jeshi waibebe kutoka juu na kuileta kwenye njia za mashindano. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu: kumbe nao waliwahi kuwa na wagumu. Hata sisi tunao mtu wetu katika habari hizi. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye mashindano ya skii ya Olimpiki ya 2018 huko Korea Kusini. Shangazi alipenda sana habari hiyo. Pwani ni pwani, alisema, Kilifi na Pangani ni mkeka mmoja.

Kupanda Nordkette unaanzia katikati ya mji. Kuna treni ndogo inayovutwa kwa nyaya hadi Hungerburg, stesheni zake zina paa za kioo zilizopinda kama barafu iliyomwagika, kazi ya mbunifu Zaha Hadid, zilizofunguliwa 2007. Hapo unabadilisha na kuingia gari la nyaya hadi Seegrube, mita 1,905, kisha lingine hadi Hafelekar, mita 2,256. Tiketi ya hadi juu si ya bei ya mwanafunzi, inapita yuro 40. Siku ile upepo ulikuwa mkali kileleni, sehemu ya mwisho imefungwa, tukalipa ya Seegrube tu. Mfuko wangu ulishukuru.

Gari linapoachia mnara na kuning'inia, tumbo linabaki nyuma. Mji unapungua kuwa ramani, mto Inn uzi wa kijani. Haikupita nusu saa toka tuache lami tukawa tumesimama kwenye theluji inayofika gotini, jua kali, anga la bluu lisilo hata wingu. Na watu wamelala! Wamelala kwenye viti vya ufukweni, makoti wamefungua, wanaota jua kama kambale waliokaushwa. Chini bondeni nilitetemeka, juu huku jua linachoma uso. Nilifungua koti langu la Memorial. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa kuwa nilikuwa nimetokwa jasho kidogo ndani ya gari, fulana ya pamba ikawa imelowa, na wingu la kwanza lilipopita mbele ya jua nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya mtungi mgongoni. Ikishika jasho inakugeuka. Macho nayo yalianza kutoa machozi kwa mwanga. Shangazi alitoa kikapuni miwani ya jua, jozi mbili.

"Ulijua sina?"

"Nilikuona miguu, mwanangu. Aliyekuja na hiyo miguu hawezi kuwa na miwani."

Kisha akatoa soksi za sufu. Nilizivaa pale pale, nimekaa kwenye benchi kama mtoto wa chekechea, na yeye akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akafunua chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya jikoni. Mkahawani kulikuwa na Gröstl, viazi vya kukaangwa kwa kitunguu na nyama, vinanukia vizuri, lakini nyama yake mara nyingi huwa ya nguruwe na Shangazi hakutaka hata kuuliza. Sikusikitika. Chapati ile mita 1,905 ilikuwa na ladha ambayo sijaipata tena.

Hapo ndipo nilipomweleza jambo nililokuwa nimelibeba toka Moshi. Pale lango la Marangu kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani tunayefundishwa shuleni kwamba alifika kilele cha Kibo mwaka 1889. Hakuwa peke yake. Mwenzake wa kamba, aliyekuwa hodari wa barafu, alikuwa mwalimu aitwaye Ludwig Purtscheller, na Purtscheller alizaliwa hapa hapa Innsbruck, tarehe 6 Oktoba 1849. Kilele walikifikia tarehe 6 Oktoba 1889, siku aliyotimiza miaka 40. Mtu alikulia chini ya kuta hizi tulizokuwa tunazitazama, akaja kutupandia mlima wetu.

"Na nani aliwapikia?" Shangazi akauliza.

Swali lake lilikuwa na jibu. Mangi Mareale wa Marangu aliwapokea. Kwetu tunamtaja mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza njia. Na kwenye kambi ya juu, kule kusikoota mti, wakati wazungu wawili wanapanda na kushuka kujaribu njia, aliyebaki nao siku nyingi kutunza kambi alikuwa Muini Amani. Mtu wa Pangani.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Wa Pangani yetu?"

"Ya kwenu."

Alitazama theluji kwa muda mrefu. Pangani ni minazi, mto mpana unaoingia baharini, na joto linalolala nawe kitandani. "Maskini mtoto wa watu," akasema. "Na hao jina lake hawalijui hapa." Akanimiminia chai nyingine bila kuniuliza.

Nilitaka kumpiga picha akiwa na mlima nyuma yake. Simu ilikuwa na chaji zaidi ya nusu nilipoitoa mfukoni mwa nje wa koti. Nikafungua kamera, ikazima. Baridi hulegeza betri, umeme unakuwemo ila hautoki. Vitu vya betri vilaze karibu na mwili. Kwa wakati huo nilikuwa nimeanza kuyahesabu maneno ya baba mdogo kama mtu anayehesabu madeni. Humo ndani ya simu ndimo ilimokuwa tiketi yangu ya kurudi, na hakuna saa nyingine niliyokuwa nayo.

Tulishuka alasiri. Shangazi alitaka kutafuta mahali pa kuswali kisha apumzike stesheni; mimi nilitaka kuuona mto. Tukakubaliana tukutane saa kumi na mbili, basi ni saa kumi na mbili na nusu. Nilikwenda hadi kwenye kingo za Inn, ng'ambo kuna nyumba zilizopakwa rangi za ubuyu na embe na mbaazi, zimepangana mbele ya mlima mweupe. Maji yanakwenda mbio, ya kijani ya maziwa. Nilikaa nikamfikiria yule bibi wa viatu vya skii. Nikafikiria theluji yetu pia, maana hii ya Innsbruck inaanguka kila mwaka na kuondoka, ila barafu ya Kibo ikienda imekwenda. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 haipo tena. Purtscheller alikata ngazi kwa shoka la barafu mahali ambapo leo mgeni anatembea juu ya vumbi.

Nilipoinua macho, ilikuwa giza.

Mwili wangu ulisoma giza lile kwa Kiswahili. Giza kamili maana yake saa moja imeshapita. Saa moja imepita, basi limeondoka saa kumi na mbili na nusu, Shangazi ananitafuta, simu imekufa. Moyo ukaruka. Nilianza kukimbia. Watu walinitazama, na sasa najua kwa nini: mjini huku Januari hakuna anayekimbia. Nilipita kokoto, nikakata kona kupitia njia ya mkato kando ya ukuta, mahali ambapo jua halijafika toka mwezi uliopita.

Sikuanguka kama wanavyoanguka kwenye vichekesho. Miguu ilikwenda mbele bila mimi, na kwa sekunde moja niliona mlima, taa za Seegrube na anga kwa mfuatano mzuri kabisa, kisha nikatua juu ya kiganja cha kushoto na kiuno. Mwanamume mmoja alisimama, akauliza kwa Kijerumani cha Tirol ambacho sikukielewa hata neno. Nilimwonyesha kifundo cha mkono. Alikigusa, akakipindisha taratibu, akachota theluji, akaifunga kwenye leso yake, akanibandika. Mimi ndiye ninayesomea uuguzi.

Nikamwuliza saa. Akanyoosha kidole juu. Mnara wa kanisa ulikuwa umesimama palepale na saa yake kubwa inayowaka. Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano.

Stesheni nilimkuta Shangazi anakunywa kahawa, miguu ameinyoosha. Aliona mkono umefungwa leso ya kiume, aliona suruali imelowa upande mmoja. Hakuuliza. "Mwili ulikudanganya," alisema tu, na akatoa kwenye pochi karatasi mbili zilizokunjwa: tiketi yake na yangu. Alizichapisha zote toka Alhamisi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo ningelimwambia kwanza kabisa kila kijana wetu anayefika huku, kabla hata ya viatu. Kwenda Austria hakuna aliyetuuliza kitu. Kurudi, tulipovuka tu kuingia Ujerumani, basi lilielekezwa pembeni na polisi wawili wakapanda. Ujerumani imekuwa ikikagua mpaka huu tangu 2015, ingawa watu wanaambiana kwamba ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi kati yao, hakuna mipaka. Walipita kiti kwa kiti. Usiku uliotangulia Shangazi alikuwa amenipigia simu mara mbili kunikumbusha: pasipoti na kadi ya ukaazi, yenyewe, si picha yake. Nilimwona mwoga. Viti viwili mbele yetu alikuwepo kijana ambaye alionyesha picha kwenye simu, akaeleza, akaeleza tena, sauti ikipungua. Aliambiwa achukue begi lake. Tulisubiri yapata dakika ishirini, taa za ndani zimewashwa zote, hakuna aliyezungumza. Kisha mlango ukafungwa tukaondoka bila yeye. Nilishika kadi yangu mkononi hadi München, hata baada ya kuwa hakuna wa kuionyesha.

Chumbani niliweka simu kwenye chaji, nikatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikampigia baba mdogo. Nyumbani ilikuwa inakaribia saa sita usiku lakini huwa halali mapema, magoti yanamwamsha. Nilimsimulia yote. Raba, pamba, macho, betri, hatua. Nilitegemea anicheke, na alicheka, hadi akakohoa.

"Hata mimi safari ya kwanza nilipanda na raba," akasema. "Za kuazima. Ila mimi sikuwa na nyingine."

Kisha akauliza tulipanda kwa muda gani. Nikasema nusu saa. Akanyamaza, akaniuliza tena, akidhani simu inakata. Nikamweleza kuhusu gari la nyaya, na huku naeleza nikakumbuka, nikajuta kidogo. Mwaka 2019 serikali yetu ilipotangaza kwamba inafikiria kuweka magari ya nyaya Kilimanjaro, wagumu na waongoza watalii walipinga kwa sauti kubwa, na mmoja wa waliopinga alikuwa yeye, akisimama kwenye mkutano wa kijiji na magoti yake hayo.

Hakukasirika. Alitaka kujua mambo ya kazi. Linabeba watu wangapi kwa mara moja. Mizigo inakaa wapi. Upepo ukija wanafanyaje. Nilimjibu nilivyoweza.

"Na wafanyakazi? Uliwaona wangapi?"

Nilifikiri. "Kwenye lile gari letu niliwaona wawili, Baba. Mmoja wa tiketi, mmoja wa mlango."

"Wawili," alisema.

Nilisikia mbwa wa jirani akibweka kule Marangu, na mvua kwenye majani ya migomba. Akaniuliza kama nimekula.